Vitz kuukuu na karatasi ya ukaguzi: tuiamini kiasi gani?

Tangu ukaguzi wa lazima usimamishwe mwaka 2017, Toyota Vitz, gari dogo la mtu binafsi, hapa Uganda inaweza kuzeeka barabarani bila mtumishi yeyote wa serikali kuinama kutazama chini yake. Ilikaguliwa Japani kabla ya kupakiwa melini, kama shirika la viwango UNBS linavyotaka, ikashuka Mombasa, ikavuka Malaba, ikapewa namba. Kuanzia hapo ni shauri la mwenyewe na fundi wake. Teksi na mabasi yana ukaguzi wa leseni. Gari la mtu binafsi mara nyingi hukaguliwa na polisi likishagonga.

Wengi wanaukumbuka mradi ule. Mwaka 2015 serikali iliingia mkataba na kampuni ya SGS ya Uswisi, na vituo vyenye mitambo vikajengwa: Kawanda, Nabbingo na Namulanda kuizunguka Kampala, vingine Mbale, Mbarara na Gulu. Wenye magari wakalalamikia ada, wabunge wakauhoji mkataba, kazi ikasimama, na mwishowe vituo vikaangukia mikononi mwa Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Kelele zote zilihusu pesa. Kama mtambo wenyewe unasema kweli kuhusu gari kuukuu, wachache waliuliza.

Kwenye breki, unasema kweli kuliko mtu. Magurudumu ya ekseli moja hukaa juu ya mitungi inayozunguka, dereva anakanyaga, na nguvu ya kila gurudumu inasomwa peke yake. Fundi wa Kisekka, soko la spea la Kampala, hata awe bingwa, hujaribu breki kwa kuliendesha gari. Atajua likivuta upande. Ila kwa gari kama Vitz, ambayo kwa kawaida nyuma ina breki za ngoma, ugonjwa hujificha vizuri sana: silinda ya gurudumu moja inavuja kidogo kidogo, mafuta yanalowesha brekishu, upande huo unabaki jina tu. Dereva hahisi kitu, kwa kuwa breki za mbele ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya kazi. Atakuja kuhisi siku ya mvua, akikanyaga ghafla, gari likigeuka ubavu. Uingereza, ambako ukaguzi wa lazima wa magari, uitwao MOT, ulianza mwaka 1960, gari dogo la kabla ya 2010 halifaulu mpaka nguvu ya breki ya mguu ifikie asilimia 50 ya uzito wake na ya mkono asilimia 16. Tarakimu kama hizo hazina urafiki na mtu.

Lakini mtambo huohuo hupima kwa sekunde chache, breki zikiwa baridi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na yakikaa miaka bila kubadilishwa huchemka mapema: ya daraja la DOT 3 yanatakiwa kuvumilia angalau nyuzi 205 yakiwa mapya, lakini yakishanyonya maji kiwango kinashuka hadi 140. Vitz yenye mafuta ya namna hiyo itafaulu Kawanda vizuri kabisa, kisha ipoteze breki ikiteremka milima ya Kanaba kuelekea Kisoro na abiria watano.

Tairi nazo zina hadithi yake. Mkaguzi anapima kina cha kashata, na kwa Uingereza kikomo ni milimita 1.6. Tairi la mtumba linaweza kuwa na kashata nzuri na bado limekauka kwa uzee. Umri wake umeandikwa ubavuni kwa tarakimu nne, wiki na mwaka, na wanunuzi wengi hawajawahi kuzisoma. Halafu kuna ujanja ambao hakuna mtambo unaouzuia: kuazima tairi nne za jirani kwa siku moja. Ukaguzi wa mwaka ni kama picha ya pasipoti, kila mtu hunyoa ndevu kwanza.

Sehemu inayonitia shaka zaidi ni miguu ya mbele, yaani viungo vinavyoshika magurudumu, na kwa barabara zetu ndiko gari dogo linakoumia kwanza. Bolijointi, bushi, tairodi endi, shokapu: murram na mashimo huvimaliza kabla ya injini kuanza kulalamika. Hapa hukumu ni ya mkono na jicho. Bolijointi iliyobanwa na uzito wa gari huweza kuonekana nzima, na kulegea kwake kukatokea tu gari likiinuliwa ipasavyo na gurudumu kutikiswa. Mkaguzi mvivu, au aliyepewa kitu kidogo, hatatikisa. Kutu tunaweza kuiweka chini kwenye orodha. Waingereza humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi na magari yao huoza chini, sisi hatuna adha hiyo, isipokuwa kwa gari lililotoka kaskazini mwa Japani kwenye theluji. Taa za mbele zilizofubaa kuwa njano, nazo, hazihitaji mtaalamu.

Wapinzani wa ukaguzi wana hoja nzito kuliko wanavyopewa. Utafiti wa Norwei uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba ukaguzi hupunguza kasoro za magari, lakini haukuona ajali zikipungua kwa sababu hiyo. Mwendo kasi na kupita gari jingine kwenye kona havipimwi kwa mitungi. Na mwalimu wa Mbale mwenye Vitz ya mwaka 2003 hana gari jingine la kukimbilia. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 imepiga marufuku kuingiza nchini gari lenye miaka 15 na zaidi. Haikuligusa lake, ambalo lilikuwa tayari liko hapa.

Hata hivyo siwezi kuichukua Norwei yote na kuileta Busia. Kule hata kabla ya ukaguzi mwenye gari alikuwa na gereji ya kueleweka na spea halisi. Hapa brekishu bandia huuzwa kwenye boksi lenye nembo halisi, na mwenye gari hana njia ya kujua. Kwangu mimi ukaguzi urudi, lakini uwe mwembamba: breki kwa mtambo, miguu ya mbele gari likiwa juu, tairi pamoja na mwaka wake, taa. Moshi, rangi na kioo chenye ufa mdogo pembeni visubiri. Ada ilingane na kazi hiyo ndogo.

Na matokeo yasiishie kwenye stika. Uingereza mtu yeyote akiwa na namba ya gari anaweza kusoma mtandaoni lilifeli nini na mwaka gani. Dalali wa Kampala anayeapa kwamba gari lilikuwa la mama wa kanisani asingelipenda jambo hilo hata kidogo.

Hilo lisipokuwepo, mnunuzi wa Vitz ya miaka 20 aende na fundi wake mwenyewe, si wa muuzaji, na kabla ya kutaja bei amwombe afungue ngoma zote mbili za nyuma. Muuzaji akikataa zisifunguliwe, asiendelee kujadiliana naye.