Kitabu Kikikosea, Mwambie Aliyekichapa

Juzi kwenye kundi letu la WhatsApp la wanaojisomea CCNA, cheti cha mitandao ya kompyuta cha kampuni ya Cisco, kijana mmoja wa Chake Chake alituma picha ya ukurasa. Swali lenyewe jepesi: kompyuta ina anwani 192.168.10.70/26, taja anwani ya mwisho inayoweza kupewa kifaa kwenye sabneti hiyo, yaani kipande hicho cha mtandao. Nyuma ya kitabu jibu limeandikwa .127, yaani 192.168.10.127. Yeye kapiga hesabu kapata .126, karudia, kapata ile ile, sasa anauliza amekosea wapi.

Hakukosea popote. Kwenye /26 kila sabneti ina anwani 64, na .70 inaangukia baina ya .64 na .127. Ya mwanzo ni ya mtandao wenyewe, ya mwisho ni ya brodikasti, ya kutuma ujumbe kwa vifaa vyote kwa pamoja, haipewi kompyuta wala printa. Jibu ni .126, basi.

Kosa la kitabu halikunikera. Kilichonipandisha mori ni majibu aliyopewa. Mmoja: "Kitabu cha Wamarekani hicho, soma tena." Mwengine: "Kosa hilo tunalijua tangu mwaka juzi." Mwaka juzi! Nikauliza, nani aliyewaandikia wachapishaji? Kimya. Kisha mtu akacheka: "Sisi nani, yakhe, tukawafunze Wazungu?"

Sisi ni watu tunaolipa, ndiyo sisi nani. Mtihani wa CCNA ni dola 300 kabla ya kodi, zaidi ya laki saba za shilingi, na ukianguka unalipa upya. Una dakika 120 tu. Mtu aliyekariri .127 kwa kuamini kitabu ataingia nayo chumba cha mtihani, na aliyechapa kitabu hatamrejeshea hata nauli ya boti.

Na ajabu ni kwamba kusahihishana si jambo geni kwetu. Imamu akiteleza kwenye aya, aliye nyuma yake humkumbusha palepale, na hakuna anayesema amemvunjia heshima. Sasa kitabu cha swichi na ruta kimepata wapi utukufu huo?

Haya, tuseme umeamua kuandika. Tafadhali usiwapelekee "kitabu chenu kibovu, mmetuangusha". Anayepokea ujumbe huo afanye nao nini? Mhariri anataka aweze kufungua ukurasa na kuliona kosa bila ya kukutafuta. Mwandikie jina la kitabu, toleo, namba ya ISBN, ukurasa na namba ya swali. Na kama unasoma kwenye simu kitabu cha kielektroniki kisicho PDF, usimtajie ukurasa, kwa sababu hubadilika kwa ukubwa wa herufi. Taja sura na kichwa kidogo. Nukuu jibu lao kama lilivyo, weka lako chini yake, kisha ushahidi kwa mistari miwili: sabneti inaanza .64, inaishia .127, ya mwisho kwa kifaa ni .126. Kosa moja, ujumbe mmoja. Kiingereza chako kikiwa cha kuungaunga usione haya, namba hazina lafudhi. Na kabla ya yote angalia orodha yao ya masahihisho, huenda kosa lako limo, ukajipumzikia.

Angalia pia umri wa kitabu. Mtihani ni ule ule wenye namba 200-301, lakini mwaka 2024 mada zilibadilishwa, Terraform ikaingia, Puppet na Chef zikatoka, zote ni programu za kusimamia mitambo bila ya kuigusa mmoja mmoja. Kitabu cha 2020 kutokuwa na Terraform si kosa, ni uzee. Na maswali uliyokutana nayo kwenye mtihani wenyewe usimwandikie mtu yeyote, mchapishaji wala shemeji yako; umekubali masharti ya siri kabla ya kuanza, na cheti kinaweza kufutwa.

Najua wengi wanaogopa kwa sababu gani, tusifichane. Vitabu vyetu vingi ni PDF za kupeana, au kopi za steshenari zenye kurasa zilizokatwa pembeni. Mtu anaona atajishitaki mwenyewe. Sitetei wizi, na mwandishi naye ana watoto. Lakini kosa haliwi sahihi kwa kuwa umelisoma kwenye kopi. Nimeona kopi moja ambayo masahihisho ya penseli ya mtu wa mwanzo yametolewa kopi pamoja na maandishi, yakapita mkono hadi mkono. Alisahihisha vizuri kabisa huyo bwana, kwa hati nzuri, na mchapishaji, aliyeweza kulirekebisha kosa kwa kila msomaji, hakupata habari.

Na nyinyi wachapishaji msijione mmetoka salama. Mnatuomba maoni, kisha fomu yenu inadai risiti ya kununulia, kana kwamba kitabu cha maktaba au cha kuazima hakina haki ya kuwa na kosa. Nyengine niliyoijaza mwenyewe ilinilazimisha kuchagua jimbo, na orodha nzima ilikuwa ya majimbo ya Marekani. Unguja haimo, Tanzania haimo. Nikachagua Alaska. Kosa walilirekebisha, nawapa haki yao, ila matangazo ya vitabu vipya bado yananijia na bei za usafirishaji hadi Alaska.