Seva mpya ya nini?

Juzi nilipanda Kosta ya asubuhi kutoka Arusha, nikafikia kwenye kaunta ya duka moja la vifaa vya ujenzi, Moshi. Desemba hii mnaijua, mji umefurika watu waliorudi nyumbani, na kila mtu anaezeka. Mzee mmoja wa Rombo anataka bati, hela iko mkononi, gari linamngoja. Keshia: "Subiri kidogo baba, mfumo unazunguka." Ukazunguka sekunde 40. Nilitamani kujificha nyuma ya mifuko ya saruji, maana mfumo huo niliuandika mimi.

Mwenye duka hata hakufoka. Aliuliza bei ya seva, ile kompyuta inayoendesha mfumo. "Dogo, mashine imechoka."

Mashine haijachoka! Kuiri, yaani swali ambalo programu inaiuliza databesi (ghala la data), ikichelewa kidogo tu, watu wanakimbilia kununua seva. Dereva kapotea njia, nyie mnambadilishia lori.

Niliweka EXPLAIN ANALYZE, amri inayoonyesha kuiri inavyotekelezwa, mbele ya kuiri, na PostgreSQL, databesi ninayotumia, ikaniumbua: Seq Scan. Yaani kupata bidhaa za risiti moja, inasoma jedwali zima la mauzo, mstari kwa mstari, tangu duka lifunguliwe. Ni kumtafuta mtu Kibosho kwa kubisha hodi kila mlango, wakati mwenyekiti wa kijiji angekupeleka kwa wa kitongoji, huyo kwa balozi, balozi akuonyeshe nyumba. Indeksi ya B-tree, orodha ya pembeni iliyopangwa kama matawi ya mti kuonyesha data ilipo, ndivyo inavyokwenda: hatua tatu nne, umefika. Mimi nilidhani ukishaweka ufunguo wa kigeni, ile safu inayounganisha jedwali moja na jingine, indeksi inakuja yenyewe. Kwenye databesi nyingine, MySQL ya InnoDB, sawa, inakuja. PostgreSQL haikufanyii, unaiandika kwa mkono wako. Mstari mmoja! Sekunde 40 zikawa kufumba na kufumbua.

Haya, nakubali, kila indeksi inaongeza kazi wakati wa kuandika data, kwa hiyo usizimwage kwenye kila safu ya jedwali kama pilipili. Na RAM ndogo ni ndogo, sibishi. Wale mnaoita databesi mara 200 ndani ya kitanzi (loop, kodi inayojirudia), mnapanda bodaboda kwenda sokoni Mbuyuni kununua kitunguu kimoja kimoja. Yenu tutaongea siku nyingine.

Mwenye duka alipoona risiti imetoka kabla keshia hajashika kalamu, akanigeukia. "Kwa hiyo muda wote huo ni wewe?"

Ndiyo, bosi.

Nauli ya kurudi Arusha nimejilipia.