Fuateni Jedwali

Mmeshaisikia. Najua mmeshaisikia, maana tangu jana jioni simu yangu haijapumua, na kila anayepiga anaanza na kicheko kabla ya salamu. Rafiki yangu (anajijua, leo simtaji kwa sababu sina nguvu za kugombana) amewaambia nimetungua mawingu, ndege wakahama. Tulieni niwape ya kwangu, ambayo kwa bahati mbaya haitofautiani sana na yake. Ila ndege walikuwepo mpaka tunaondoka.

Wiki nzima nilikuwa naandaa majedwali ya risasi ya timu, yale yanayokuambia darubini ya bunduki uipandishe kiasi gani kwa kila umbali. Uwanja wetu wa shabaha uko karibu na usawa wa bahari, mashindano yalikuwa mlimani, mita 1,800. Ukipanda huko hewa ni nyepesi, haiishiki sana risasi njiani, kwa hiyo haishuki kama ulivyozoea, na darubini unaipandisha kidogo tu. Hilo nalijua! Nililifundisha mimi mwenyewe usiku wa kuamkia shindano, nimesimama, kijiti mkononi, nikachora na mishale.

Na majedwali yenyewe, acheni nijisifu kidogo, ndiyo sifa pekee iliyobaki. Umbali kila baada ya mita 50, kuanzia 100 hadi 900. Safu tatu za joto, nyuzi 5, 15 na 25, kwa sababu hewa ya baridi ni nzito na baruti nayo ikipoa risasi hutoka kivivu. Upepo rangi ya bluu, mshuko wa risasi rangi nyekundu. Unyevu peke yake niliupa saa nzima, nikawaambia watu kwa madaha kwamba hewa yenye unyevu ni nyepesi kuliko hewa kavu. Ni kweli, na kwa umbali wetu inasogeza risasi kama upana wa vidole viwili. Kisha nikapiga laminesheni nakala kumi. Sisi tuko watano. Zilizobaki akiba, eti zikipotea.

Programu ninayokokotolea majedwali ikauliza mgandamizo wa hewa. Nikafungua simu, nikatazama hali ya hewa ya kule mlimani: hektopaskali 1,016. Nikaandika 1,016. Unyevu saa nzima, hii sekunde nne.

Sasa kuna dada mmoja kwenye timu, ana miezi minne tu tangu aanze. Usiku ule wa semina yangu akanyoosha mkono. "Mwalimu, samahani. Simu inasema huku ni 1,016. Mbona na kule tulikotoka ni 1,015? Si tumepanda?"

Sikilizeni jibu langu. "Ni kwa sababu anga limetulia pande zote."

Anga limetulia! Na kinachoniuma si kwamba nilisema. Aliandika kwenye daftari.

Asubuhi mita 300, zote ndani. Nikawa natembea nyuma ya watu nimefunga mikono mgongoni. Mita 500, chuma kimelia kwa wote watano, ingawa alama zote zilikuwa zimebusu ukingo wa juu. "Kuna upepo unapanda kutoka bondeni," nikaeleza. Hakukuwa na upepo. Majani yalikuwa yamesimama wima.

Mita 800 naomba twende polepole, kwa sababu mimi mwenyewe tangu jana kichwani inajirudia polepole.

Sahani ya chuma, nusu mita kwa nusu mita, imepakwa nyeupe. Nyuma yake tuta la udongo mwekundu. Jedwali linasema pandisha darubini mili 9.2 (mili ni kipimo cha pembe), yaani kliki 92 za kitufe chake, na nilizihesabu kwa sauti ili majirani wasikie kazi inavyofanywa na watu wanaoijua. Nikalala. Shavu kwenye kitako cha bunduki, pumzi nusu nje, kidole kikavuta. Risasi kufika mita 800 inachukua kama sekunde moja na nusu, na ndani ya sekunde moja na nusu nilikuwa nimeshaanza kutabasamu. Nililisikia kabisa tabasamu likipanda. Halafu kule kwenye tuta kikachomoka kivumbi kidogo chekundu, juu ya sahani, katikati kabisa kushoto na kulia.

"Juu," akasema rafiki yangu, jicho kwenye darubini.

"Juu kiasi gani?"

"Ingepangwa sahani nyingine juu ya hiyo, nayo ungeikosa."

Nikapiga ya pili. Ikaingia palepale. Mpigaji mzuri mimi, jamani, tatizo lilikuwa mahali tu.

Akaja wa pili wetu: kivumbi. Akaja wa tatu: kivumbi kilekile. Wa nne akageuka, akaniuliza kwa upole, "Mkuu, nishushe kidogo?" Na hapa ndipo nilipotoa ile kauli. Sikuinong'ona. Nilisimama, nikanyoosha kidole kwenye laminesheni, na timu zote uwanjani zikageuka.

"Hakuna kushusha! Fuateni jedwali!"

Wakafuata. Ubaya wa watu wenye nidhamu ndio huo. Kivumbi, kivumbi. Tukachimba kijishimo kimoja safi kwenye tuta, kimepangika vizuri mpaka mwamuzi akaja, akachungulia, akauliza kwa heshima zote, "Samahani, kuna kitu mnakilenga huko juu?"

Jasho jembamba. Wewe unayecheka hapo, subiri, haijafika kwenye yenyewe.

Zamu ya mwisho ilikuwa ya yule dada. Tangu asubuhi alikuwa amekiweka kipima mgandamizo chake kidogo kwenye majani, kivulini, wala hakimsumbui mtu. Akakiokota, akanisogezea. Hakupandisha sauti, Mungu ambariki. "Mwalimu, hii inasema 818."

Nikaitazama 818. Ikanitazama.

Ile 1,016 ya simu, kumbe, ni mgandamizo uliokwisha kugeuzwa kwa hesabu uwe kama wa usawa wa bahari, ili watabiri waweze kulinganisha mji na mji. Mlima umeshafutwa humo. Programu ilitaka mgandamizo halisi wa pale nilipolala. Ukianza kupanda, kila mita 100 inakupunguzia kama hektopaskali 12. Mwanafunzi aliliona hilo usiku, mwalimu akamjibu anga limetulia. Kwa hiyo wiki nzima, rangi nne, nakala kumi, nilikuwa nimetengeneza jedwali bora kabisa la kupigia ufukweni.

Dada akaminyaminya simu yake, akachana kipande cha utepe wa gundi, akakibandika kwenye kitako cha bunduki yake, juu ya laminesheni yangu. Akaandika kwa kalamu: 8.1. Akazungusha kliki 81, bila kuhesabu kwa sauti.

Akafyatua. Rafiki yangu aliona kwenye darubini, akanyamaza makusudi. Sauti ya chuma kutoka mita 800 inachelewa zaidi ya sekunde mbili, na katika hizo sekunde mbili nawaambieni ukweli, nilikuwa naomba akose. Mungu anisamehe. Ngii!

Akapiga ya pili. Ngii.

Yaliyobaki ni machache. Tukawa wa pili kutoka mwisho. Nilitaka kusahihisha yale majedwali kwa kalamu, wino ukateleza wote, laminesheni ilikuwa nzuri mno. Wanaosema nililia: lilikuwa vumbi, na wote tunajua vumbi lilitoka wapi. Anayehitaji nakala, zipo kumi, hazilowi, kwa mita 300 ziko vizuri kabisa.

Kundi letu la simu limebadilishwa jina. Sasa linaitwa Fuateni Jedwali. Nimetoka mara mbili. Nimerudishwa mara mbili, na mara ya pili aliyenirudisha ni yule dada. Ameandika, "Karibu tena mwalimu, huku anga limetulia."