Kiti mwendo hupimwa kama nguo, hakigawiwi kama mchele

Picha hizi tumezizoea: viti mwendo kumi, yaani viti vya magurudumu, vimepangwa mbele ya jukwaa, vyote saizi moja, na mtoto wa miaka minane amekalishwa kwenye kiti cha mtu mzima huku akipigiwa makofi. Nia ni njema, na fedha zimetoka kweli. Lakini kiti kisicholingana na mwili humdhuru anayekikalia, na kwa mtu aliyeumia uti wa mgongo madhara hayo yanaweza kumuua.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010. Ibara ya 20 ya mkataba huo haiishii kwenye kumpa mtu kifaa. Inataka kifaa chenye ubora, kwa gharama anayoimudu, pamoja na mafunzo ya kukitumia. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa 2008, lilitaja hatua 8 za utoaji wa kiti mwendo, kuanzia rufaa na tathmini hadi mafunzo, matengenezo na ufuatiliaji. Sherehe zetu za kugawa viti hurukia katikati na kuishia hapo hapo.

Tuanze na vipimo, maana futi kamba ya fundi cherehani inatosha. Upana wa kiti uwe sawa na upana wa nyonga. Kikizidi, mtu huegemea upande mmoja, uzito wote hushukia tako moja, mgongo huanza kupinda, na mikono hulazimika kutanuka kuyafikia magurudumu. Kwa kina, pima kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, kisha punguza sentimita 3 hadi 6. Kiti kirefu kuliko hapo hukandamiza nyuma ya goti, kwa hiyo mtu huteleza mbele na kukalia mfupa wa mkia. Sehemu ya kukanyagia ikiwa juu mno, magoti huinuka na mapaja huacha kubeba uzito; ikiwa chini mno, miguu huning'inia.

Mto wa kukalia ndio unaosahauliwa zaidi, na hapo ndipo panaponiuma. Asiyekuwa na hisia makalioni hajui kwamba mfupa umebana ngozi na damu haipiti. Kidonda huanzia ndani, na kikionekana juu, chini kumeshaharibika. Kwa ngozi nyeusi usisubiri wekundu: tafuta doa lililokolea zaidi, lenye joto au ugumu kuliko ngozi ya jirani, kwa kioo, asubuhi na jioni. Doa likionekana, asilikalie tena mpaka lipone.

Kuupima mto hakuhitaji mashine. Mtu akiwa ameukalia, ingiza vidole kati ya mto na makalio, chini kabisa ya mfupa wa kukalia. Ncha za vidole zikiweza kuchezacheza juu na chini kama milimita 5, mto ni salama. Zikishindwa kuchezacheza lakini zinatoka kirahisi, hiyo ni tahadhari. Zikibanwa hata kuzitoa ni kazi, mto huo haumfai. Sponji laini ya makochi hubonyea upesi, kwa hiyo kipimo hiki kirudiwe kila baada ya muda. Hata mto mzuri hauondoi haja ya kuinama mbele au kuegemea pembeni mara kwa mara ili damu ipite.

Kisha kuna njia zetu. Kiti cha hospitali chenye magurudumu madogo mbele kimetengenezwa kwa sakafu laini. Kwenye mchanga wa Mbagala, Dar es Salaam, au tope la masika magurudumu hayo huzama, na aliyekaa hutupwa mbele. Kiti cha magurudumu matatu chenye gurudumu la mbele lililosogezwa mbali hupita vizuri zaidi, ingawa ndani ya chumba kidogo kinasumbua kugeuza. Kabla ya kupokea msaada wowote, uliza kama tairi, tyubu na beringi zake zinapatikana kwa fundi baiskeli wa mtaani. Kama hazipatikani, pancha moja inaweza kukigeuza kuwa chuma chakavu uani.

Na kiti kizuri kikifika mlangoni kwa ofisi ya kata? Ngazi tatu za sentimita 15 ni kimo cha sentimita 45. Kwa uwiano wa 1 kwa 12 unaokubalika, yaani sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kimo, njia ya mteremko inapaswa kuwa na urefu wa mita 5.4. Mara nyingi fundi humwaga zege la mita moja na nusu, na bango linasema jengo ni rafiki kwa wenye ulemavu. Huo si mteremko, ni ukuta uliolazwa kidogo: akipanda peke yake anapinduka chali. Kama uwanja hautoshi mita 5.4 moja kwa moja, njia ikunjwe, na kila kona ipate tambarare ya sentimita 150 kwa 150. Juu mbele ya mlango pia tambarare hiyo iwepo, kwa sababu mlango ukifungukia nje, anayevuta kitasa anahitaji kurudi nyuma bila kuserereka. Mlango wenyewe uache nafasi isiyopungua sentimita 80, na ipimwe mlango ukiwa wazi, si fremu tupu.