Nilivua koti tu

Kabla hamjaendelea kunirushia emoji za kucheka: shati nilikuwa nalo. Yule rafiki yangu wa bodaboda aliyewaambia kijiwe kizima kwamba alinikuta kifua wazi nakata kiuno alipita mlangoni kwa kasi, na macho yake mnayajua.

Duka ni lile lile la shanga pale Miyomboni, la bibi, ambako mama zetu walinunua shanga za nywele wakiwa wasichana. Makopo ya maziwa ya unga hadi darini. Humo utakuta kauri za pwani, shanga za mfupa, za vifuu vya nazi, za shaba, hadi za kioo kutoka Cheki ambazo bibi huzifunua kwenye karatasi kama mtu anayekuonyesha dhahabu. Mimi nilikuwa nimetumwa za kiunoni. Aliyenituma atasoma hapa, kwa hiyo niishie hapo.

"Kiuno chake kikoje?" bibi akauliza, mbele ya kijana wa Kimasai aliyekuwa anachagua nyekundu za mkufu wake.

Mikono yangu ikaanza kuchora hewani. Nikaona yule kijana anaifuatilia kwa makini. Nikaishusha. "Kama changu, bibi."

"Basi vua hilo koti, mjukuu wangu."

Iringa hii, mwezi wa saba, unaambiwa uvue koti! Nikavua. Akanizungushia nyuzi tatu juu ya shati, akapiga fundo, akaniambia niinue mikono nisiharibu kipimo, akaenda kutafuta mkasi. Na bibi akitafuta mkasi lazima asimulie. Zamu hiyo ilikuwa Mlambalasi: eti pale pale alipozikwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, aliyejiua mwaka 1898 asishikwe na Wajerumani, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta shanga za maganda ya mayai ya mbuni, za maelfu ya miaka. "Watu wale wa kale, chuma hawakijui," akasema, kichwa kikiwa ndani ya droo, "lakini kiunoni wamependeza." Kiunoni au shingoni, nani angembishia? Mimi nimeinua mikono.

"Hodi humu! Kamwene!"

Mama mkwe.

Sasa hapa naomba twende polepole, maana hapa ndipo bodaboda amepotosha. Mimi na mama mkwe hatujawahi kukaa benchi moja. Akiwa na neno na mimi, humpa mtu alilete. Akasukuma pazia. Macho yake yakaanzia kwenye viatu vyangu, yakapanda, yakafika kiunoni. Yakatulia hapo. Nyekundu, nyeupe, buluu. Heshima ikanituma niiname.

"Shikamoo, ma..."

Tap.

Uzi wa kwanza. Shanga moja ikadondoka, ikadunda sakafuni, ikajiviringisha bila haraka yoyote hadi kwenye ncha ya kandambili yake. Wote wanne tukaitazama. Nikaona nijifiche nyuma ya kaunta. (Nani ameweka msumari pale? Nauliza tu.) Nyuzi mbili zilizobaki zikanasa, nami nikaendelea na safari. Zikamwagika. Zikaingia chini ya kabati, kwenye makopo, kwenye mkoba wa mama mkwe uliokuwa wazi, na nyingine ndani ya soksi yangu, ambako nilizikuta usiku. Kila moja ilitoa mlio wake. Ya mwisho ilipotulia, ndipo akaitikia:

"Marahaba."

Tukapiga magoti kuokota. Mama mkwe akachukua moja, akaipeleka kwenye mwanga wa mlango, akamwambia bibi kana kwamba mimi sipo: "Mwambie mkwe wangu hizi ni namba 11. Ndogo mno. Binti yangu huvaa namba 8."

Kwa msiojua: namba ikipanda, shanga inapungua. Mimi nimejifunza nikiwa chini ya kaunta.

Yule kijana akataka kunifariji, akasema kwao wanaume nao huvaa shanga, nisione haya. Mama mkwe akaitikia kwa kichwa. Hilo ndilo limeniuma zaidi.

Nimelipa zilizomwagika, nimenunua namba 8, mke kacheka hadi kakaa chini. Jana usiku shemeji kaniletea ujumbe kutoka kwa mama: kuna nyingine zilibaki kwenye mkoba, nizifuate Jumapili baada ya ibada. Amezihesabu.