Shairi moja, picha mbili: maelezo yafungwe wapi?

Katika nyumba moja ya Kibokoni, hapa Mji wa Kale wa Mombasa, kuna daftari la mashairi lililoandikwa kwa hati ya Kiarabu. Limepigwa picha mara mbili. Mara ya kwanza kijana wa nyumba alitumia simu, na picha zile zikapokewa na taasisi moja iliyoziweka kwenye maktaba yake ya kidijitali. Miaka ikapita, taasisi ikaja na skana nzuri, ikapiga daftari zima upya, ikafuta picha za simu na kuweka mpya pale pale, chini ya maelezo yale yale. Maelezo yanasema ukurasa wa 14 ni kamili. Niliufungua nikakuta kona ya chini kushoto imeliwa na mchwa, na kushoto ndiko mstari wa hati ile unakoishia. Vina vya beti mbili vimekwenda. Kwenye picha ya simu, yenye kivuli cha kidole gumba pembeni, vilikuwepo.

Hakuna aliyedanganya. Maelezo yaliandikwa kwa ajili ya picha ya kwanza, na kwa picha ile yalikuwa kweli. Picha ilipoondolewa yakabaki, yakasukumiwa picha nyingine ya kuisemea. Kosa hili linatoka kwenye swali ambalo wakutubi na watu wa kompyuta wamelibishania miaka mingi: kitu kikiwa na matoleo kadhaa, metadata yake, yaani jina, mtunzi, tarehe, lugha, hati na kadhalika, ifungwe kwenye kazi yenyewe, au kila toleo libebe yake?

Wanaotaka rekodi moja wana hoja nzito. Msomaji anayeandika "Muyaka", jina la mshairi wa kale wa Mombasa, kwenye kisanduku cha kutafutia anamtaka Muyaka, hataki kutupiwa mafaili saba yenye jina moja. Ila hoja inayonigusa zaidi ni ya masahihisho. Maelezo yakinakiliwa mara tano, kisha ikagundulika jina la mtunzi limekosewa, mtu atasahihisha mawili, atachoka, na matatu yatabaki na kosa. Baada ya miaka kumi hakuna ajuaye lipi la kuaminiwa. Programu nazo zinavuta upande huo. DSpace, iliyotolewa mwaka 2002 na chuo kikuu cha MIT cha Marekani pamoja na kampuni ya Hewlett-Packard, na ambayo vyuo vikuu vingi vya Kenya huitumia kuhifadhi tasnifu, huweka maelezo kwenye rekodi, mafaili yakakaa chini yake. Kwa tasnifu ya PDF hilo halina ubaya.

Kwa mashairi ya pwani lina ubaya mkubwa, na Muyaka ndiye shahidi wangu. Muyaka bin Haji wa Mvita alifariki takriban mwaka 1840. Mashairi yake yalikaa vifuani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua alipoyakusanya na kuyaandika kwa hati ya Kiarabu mwishoni mwa karne ya 19, akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor. Karatasi za Taylor ziko London, kwenye chuo cha SOAS. Kisha William Hichens akayatoa kwa herufi za Kirumi, yakachapishwa Johannesburg mwaka 1940. Sasa mpe mkutubi rekodi moja yenye nafasi moja ya tarehe. Aandike nini? 1840 inamhusu mtunzi, haiihusu karatasi. 1940 ni ya kitabu. Picha ya skana nayo ina tarehe yake. Lugha ni moja kote, lakini hati ni mbili.

Na kuhama kutoka hati moja hadi nyingine si kunakili. Katika hati ya zamani, mara nyingi herufi ya ba ilibeba b, p na hata mb. Neno lile lile mmoja atalisoma "paa", mwingine "baa", na ubeti ukahama kutoka kwa mnyama wa mbugani hadi kwenye janga. Anayeandika kwa Kirumi amekata shauri, na shauri hilo ni lake. Toleo lake lisipobeba jina lake, msomaji ataamini kwamba Muyaka ndiye aliyesema hivyo.

Wenye fani wanalijua jambo hili zamani. Dublin Core, orodha ya vipengele 15 vya metadata iliyoanzia kwenye mkutano wa 1995 huko Dublin, Ohio, ina kanuni kwamba rekodi moja ieleze kitu kimoja: picha ya karatasi isielezwe kana kwamba ndiyo karatasi yenyewe. Mwaka 1998 IFLA, shirikisho la kimataifa la maktaba, likatoa mfumo wa ngazi nne: kazi, umbo lake la maneno, chapa, na nakala. Kwa ofisi yenye watu wawili na kompyuta moja naona ngazi nne ni nyingi mno. Lakini wazo lake nalikubali kabisa: kilicho cha wote kikae juu, kilicho cha mmoja kikae kwake. Jina la shairi, mtunzi na bahari yaandikwe mara moja, kwenye rekodi ya kazi. Nani alipiga picha, lini, kwa chombo gani, kona zikoje, nani alizisoma herufi, hayo yakae kwenye toleo, na toleo litaje waziwazi ni toleo la nini. Jina likisahihishwa, linasahihishwa mahali pamoja. Zenodo, hifadhi ya mtandaoni ya kazi za utafiti, inafanya jambo la jamii hiyo tangu 2017: namba moja ya kudumu kwa kazi nzima, namba nyingine kwa kila toleo.

Linalobaki ni gharama, na sitaki kulipuuza. Kueleza matoleo ya namna hii kunataka mtu anayesoma Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, na ninaowajua mimi wengi ni wazee. Kila saa wanayojaza fomu ni saa ambayo daftari jingine halisomwi. Kwa hiyo ningepunguza vipengele. Mistari minne kwa kila toleo inatosha, na hata DSpace inaruhusu kila faili liwe na maelezo yake mafupi. Nisichokubali ni kufuta.

Ile picha ya simu haikupotea. Kijana wa nyumba alikuwa nayo kwenye memori kadi. Tumeipeleka, na taasisi imekubali kuiweka kando ya ile ya skana. Chini yake tumeandika: "Picha ya simu, kabla kona haijaliwa. Vina vya beti mbili za mwisho vinasomeka hapa tu."