Usitazame Chombo, Tazama Historia Imebakije

Ubishi kuhusu hadithi za kusafiri katika wakati, kama ni bunilizi za kisayansi au ni historia mbadala, hauishi kwa sababu tunauliza maswali mawili kwa mkupuo. Msafiri alifikaje huko? Hilo linatuonyesha kama kuna sayansi ndani yake. Na alipofika, historia ilibaki ilivyo au iligeuka? Hilo ndilo linaloamua kama tumo kwenye historia mbadala. Jibu la swali moja halimalizi lile jingine.

Tazama riwaya mbili. Katika A Connecticut Yankee in King Arthur's Court ya Mark Twain, iliyotoka mwaka 1889, fundi wa Kimarekani anapigwa mtaimbo kichwani, anazindukia Uingereza ya karne ya 6, kisha anaanzisha shule, viwanda na simu. L. Sprague de Camp naye, katika Lest Darkness Fall iliyotoka kwanza gazetini mwaka 1939, anatumia radi kumtupa mwanaakiolojia Martin Padway katika Roma ya mwaka 535. Padway hana mtaji. Anakwenda kwa mkopeshaji fedha Msyria, anamfundisha kuhesabu kwa tarakimu za Kiarabu ili apewe mkopo, halafu anapika pombe kali ya kuuza. Baadaye anaingia kwenye uchapaji.

Safari zenyewe hazina sayansi yoyote, na wasafiri wote wawili wanafanya kazi ileile ya kupeleka maarifa ya kesho kwa watu wa jana. Ila kwa Twain kila kilichojengwa kinateketea, na Uingereza inarudi kwenye njia tunayoijua. Kwa de Camp ufalme wa Wagothi uliotawala Italia unanusurika na Ulaya inashika njia nyingine kabisa. Ya de Camp ni historia mbadala, ya Twain siyo, hata kama mara nyingi zinatajwa pamoja.

Mashine nayo haibadilishi hesabu. H. G. Wells, katika The Time Machine ya mwaka 1895, alimpeleka msafiri wake hadi mwaka 802,701. Huko ni mbele, na mbele hakuna historia ya kupindua. Hiyo ni bunilizi ya kisayansi tu. Harry Turtledove katika The Guns of the South ya mwaka 1992 anawaleta Makaburu kutoka mwaka 2014 wakiwa na bunduki za AK-47 za kumpa Jenerali Lee, kamanda wa Kusini katika vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, na Kusini inashinda. Kuna mashine na kuna historia iliyopinduka, kwa hiyo inastahili majina yote mawili.

Kitabu kinachoniuma kikiwekwa pasipo pake ni Kindred cha Octavia Butler, cha mwaka 1979. Dana, mwanamke mweusi wa California ya mwaka 1976, anavutwa hadi Maryland ya enzi za utumwa kila mara Rufus, mtoto wa mwenye shamba, anapokaribia kufa. Hakuna mashine wala maelezo, na Butler mwenyewe alikataa kukiita bunilizi ya kisayansi kwa sababu hakina sayansi. Historia nayo haitikisiki. Rufus ndiye atakayemzaa Hagar, bibi wa ukoo wa Dana, kwa hiyo Dana analazimika kumwokoa mtu anayewatesa wenzake, kwani bila yeye ukoo wake haupo. Ukikiita historia mbadala, msomaji atakaa akisubiri Dana abadilishe kitu, ilhali uchungu wote wa kitabu umo katika kutoweza kwake. Anaporudi mara ya mwisho mkono wake unanasa ukutani, unakatikia pale vidole vya Rufus vilipokuwa vimeushika. Yaliyopita ndiyo yaliyombadilisha yeye.

Kipimo changu kinapata kazi ngumu kwa Ward Moore. Bring the Jubilee, ya mwaka 1953, inaanzia katika Marekani ambayo Kusini ilishinda, na Kaskazini imebaki maskini. Mwanahistoria anarudi Gettysburg, penye pambano kubwa la ile vita, kuitazama, uwepo wake unaivuruga, Kaskazini inashinda, naye anakwama katika historia yetu sisi. Ukitazama mwisho peke yake, hakuna kilichopinduka. Bado naiita historia mbadala, kwa sababu karibu kitabu kizima tunaishi katika ile nchi iliyofutika, na ndiyo anayoililia msimulizi.